Dunia Ilipokuwa Ndogo

Waithaka,
Jumapili, 21 Januari 2024

Kwako Mwaitu Nthenya,

Mimi mjomba wako Mbaluka ni mzima kama chuma cha reli. Hofu yangu ni juu yako, maana nasikia huko shuleni mnapewa githeri ambayo mahindi na maharagwe yanakwepana sahanini.

Kabla sijaenda mbali, namsalimu Madam Waceke, Deputi, ambaye najua ndiye anafungua bahasha hii kabla yako. Madam, hujambo. Soma tu bila wasiwasi, humu hamna siri, ni elimu. Na usishangae nikimwita mtoto wa dada yangu "mwaitu", yaani mama yetu kwa Kikamba. Amebeba jina la marehemu mama aliyenizaa, na kwetu jina likirudi basi mwenyewe amerudi. Huyu Nthenya akiwa mchanga nilikuwa namwamkia kwa heshima kabla ya kumbadilisha nepi.

Sasa, Mwaitu, nikupe kitu ambacho hakimo vitabuni. Unajua kichinjioni Dagoretti mimi ndiye bwana mizani. Hakuna nyama inayotoka pale bila jicho langu. Wale wakubwa wa Kitisuru wakila choma, wanakula kilo zilizopita mikononi mwangu. Basi juzi akaletwa fahali kutoka Kajiado, mkubwa mpaka lori lenyewe lilikuwa linahema. Kushuka tu, miguu ya mbele ikakataa kazi. Akapiga magoti, akalala. Hakuna aliyemgusa. Mwili wake mwenyewe ndio ulimwangusha.

Wenzangu wakakimbilia kamba. Mimi nikasimama nikawaza, kama fahali analemewa hivi na nyama yake, dinosaria alisimamaje? Nimeona kwenye simu, alikuwepo mmoja mwenye uzito wa ndovu kumi, shingo kama mlingoti wa stima. Huyo angeamka asubuhi aje?

Nikapata jibu palepale, damu ikiwa bado kwenye viatu vyangu vya gambuti. Enzi zile vitu vilikuwa vyepesi. Na vilikuwa vyepesi kwa sababu dunia ilikuwa ndogo. Dunia ndogo, mvutano mdogo. Fikiria donge la andazi kabla halijaingia mafutani. Likipata moto linafura, ngozi inapasuka. Ndivyo dunia ilivyofura, Afrika ikabaki huku na Marekani ikaenda kule, na kwenye nyufa maji yakajaa tukaita bahari. Chukua ramani uzisukume hizo nchi, zitaingiana kama sufuria na mfuniko. Basi dunia ilipofura mvutano ukazidi, yale majitu yakalemewa, yakalala kama yule fahali. Hii habari ya jiwe kutoka angani ni ya watu ambao hawajawahi kushika mizani.

Nimemweleza Profesa mmoja wa Kitisuru ambaye mimi humpelekea maini. Alichukua maini, akafunga mlango pole pole. Msomi akifunga mlango namna hiyo, ujue amezidiwa.

Enzi hizo mimi ningeruka kutoka hapa Waithaka nikatua Westlands bila nauli.

Huku nyumbani kumetulia. Mke wangu bado yuko kwao anapumzika, mwaka wa tatu sasa, ni mtu wa kuchoka sana. Jioni nikipanda ngazi ya nje ya ploti yetu ya wapangaji naliona tangi la maji la shule yenu ng'ambo ya bonde. Hulipungia mkono. Ukiona mtu anapunga usijibu, Madam atadhani ni mvulana.

Mjomba wako,
Mbaluka wa Mizani

*

Shuleni,
2 Februari 2024

Mjomba Mbaluka,

Sasa? Mimi niko poa. Madam Waceke alinipa barua yako ikiwa imefunguliwa, akanitazama juu ya miwani akasema, "Mjomba wako ana maneno." Sijui ilikuwa sifa au lawama.

Nilifanya kosa, nikauliza swali lako kwenye somo la Fizikia. Mwalimu Bramwel hakunigombeza. Alichora duara mbili ubaoni, ndogo na kubwa, akasema kama kilichomo ndani ni kilekile, basi ile dunia ndogo ingetuvuta zaidi, si kidogo. Akasema pia dinosaria wengine mifupa yao ilikuwa na nafasi za hewa ndani, na kwamba wanaopima dunia siku hizi hawaoni ikifura. Halafu akauliza, "Huyo mjomba ushahidi wake uko wapi?" Nikasema uko kwenye andazi. Darasa lilikufa kwa kicheko. Sasa naitwa Andazi. Hata Ivyne, jirani yangu wa kitanda, ananiita hivyo asubuhi akitaka sabuni.

Mjomba, nina ombi. Muhula huu hatuendi nyumbani katikati. Badala yake wazazi watakuja Jumamosi, tarehe 24 mwezi huu. Mama amesema mwajiri wake huko Jeddah hampi ruhusa mpaka mwakani. Mwaka jana siku kama hiyo nilijifanya mgonjwa nikalala chumba cha muuguzi mpaka wageni wakaisha.

Si lazima ulete chakula. Njoo na mikono tu. Wageni wakifika, jina la mwanafunzi hutangazwa kwenye spika uwanjani. Nataka tu siku moja spika iseme Nthenya, mgeni wako amefika. Hata ukikaa kidogo ukaenda.

Shangazi wa Mlolongo sijamwambia. Yeye huja akihesabu makosa.

Wako,
Nthenya

*

Waithaka,
8 Februari 2024

Mwaitu,

Umeniita, naja. Kwani mtoto huitwa na mama yake akakataa?

Kwanza mwambie Mwalimu Bramwel, kwa heshima, kwamba hajawahi kukaanga. Andazi likifura huwa pia linakunywa mafuta. Kilichomo ndani hakibaki kilekile. Dunia nayo ilikunywa. Ilikunywa nini, hilo bado natafuta, lakini mtu asinionyeshe duara mbili ubaoni halafu adhani amemaliza.

Na mwambie ushahidi anaoutaka utamfikia. Ninao. Nilikuwa nimeuweka chini ya kitanda nikingojea siku yake. Sisemi ni nini kwa sababu Madam anasoma, na nataka naye ashangae. Madam, utashangaa. Nthenya ataingia nao darasani, na nataka kusikia nani atamwita Andazi siku hiyo.

Nimetoa koti la harusi nikalianika. Bado linanitosha, isipokuwa kifungo kimoja ambacho kimeasi. Jirani yangu Milcah atanipikia kuku na chapati, maana amesema mkono wangu ni wa kuchinja, si wa kupika. Nimeomba ruhusa kazini. Mkubwa akauliza naenda wapi nimejitayarisha hivi kama bwana harusi. Nikamwambia naenda kumwona mama. Akanipa pole, akadhani ni mgonjwa.

Nitakuja kwa miguu, nikate bondeni. Keti karibu na hiyo spika.

Mbaluka

*

Shuleni,
26 Februari 2024

Mjomba,

Nilikaa karibu na spika.

Nilikaa tangu asubuhi wakati nyasi zina umande. Wakaita Ivyne, wakaita wengine wote wa bweni letu, wakaita hata msichana wa Garissa ambaye baba yake alisafiri kutwa na kucha. Mama yake Ivyne alinihurumia akanipa paja la kuku. Nililila nikiwa nimewapa mgongo. Jioni walipoanza kukunja mikeka nikasema labda umechelewa bondeni. Halafu wakazima spika.

Kama kulikuwa na shida ungetuma neno kwa Odero wa getini, anakujua, barua zako zote humpa yeye. Siku hiyo alikuwa ndani akipanga magari lakini nilimuuliza jioni, akasema hajakuona.

Kituko cha siku kilikuwa mchawi. Wanasema alikuja mchana, mzee fulani, akiwa na mfupa wa mtu ameufunga kwa shuka nyeupe kama maiti. Akataka kuingia. Wazazi wakapiga kelele, mama mmoja akazirai, wababa wakamfukuza mpaka kwenye mtaro wa barabara. Mimi nilikuwa mbali, sikuona. Bweni zima halikulala kwa hiyo hadithi. Wakasema ni Mkamba, akifungua tu mdomo unamjua, na hao ndio kazi yao. Halafu wakanitazama. Nikacheka kuliko wote ili waache kunitazama. Nikasema ningekuwa hapo ningemrushia jiwe.

Sijakasirika. Nimechoka tu kuwa mtu wa kungoja. Likizo ya Aprili pengine nitaenda kwa shangazi, angalau yeye huja hata kama ni kugomba. Usijisumbue na ule ushahidi. Nilidhani ni picha au kitabu. Mwalimu Bramwel ameshasahau.

Nthenya

*

Waithaka,
29 Februari 2024

Mwaitu,

Nimepata barua yako, nimeisoma nikiwa nimesimama.

Una haki ya kununa. Sikiliza lakini jinsi mambo yalivyokwenda. Asubuhi ile nimeshavaa koti, kuku yuko kwenye bakuli, likaja gari kubwa jeusi mpaka mlangoni. Profesa wa Kitisuru ameniita kwa haraka. Kumbe kwake wamefika wageni kutoka ng'ambo, watu wa dinosaria wenyewe, na wamekataa kunywa chai mpaka wamwone mtu wa andazi. Ningesemaje? Nikasimama mbele yao nikaeleza tangu fahali wa Kajiado. Mmoja alilia. Wakanishika mkono hadi jua likazama, na gari la kunirudisha likapata pancha. Ndiyo maana.

Nilikukosea, lakini ni elimu iliyonichelewesha.

Kuhusu huyo mzee wa getini. Usimcheke sana. Labda alikuwa na haja yake. Lakini wenzako wakicheka, nawe cheka, usibaki nyuma. Umefanya vizuri.

Paja la kuku ulilopewa lilikuwa kubwa? Natumaini halikuwa la kienyeji, hayo ni magumu kula umewapa watu mgongo.

Ukitaka kwenda kwa shangazi yako, nenda. Nyumba yake ina sakafu ya vigae.

Mjomba wako,
Mbaluka

*

Ofisi ya Naibu Mwalimu Mkuu,
4 Machi 2024

Bw. Mbaluka,

Salamu. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, si barua ya shule.

Kama unavyojua, kila barua ya mwanafunzi hupita mezani kwangu. Ile ya mpwa wako ya tarehe 26 niliisoma kabla haijatoka. Yako ya tarehe 29 niliisoma ilipofika. Bado iko hapa, sijampa, kwa sababu baada ya kuisoma nilikwenda getini nikaomba kuona taarifa ya tukio la Jumamosi ile.

Siku yenyewe mimi nilikuwa ukumbini na wajumbe wa bodi. Mtu akaja mbio akaniambia kuna mchawi getini. Nikasema atolewe. Sikunyanyuka kitini kwenda kuona. Soja aliyekuwa zamu ya kulinda geti ni mgeni, alikodiwa kwa siku hiyo, na ameandika hivi: "Mzee mwenye koti. Anadai amekuja kumwona mama yake, na kwamba mama yake ni mwanafunzi wa Fomu Tatu. Akili si timamu."

Soja hangeweza kuelewa. Mimi ningeelewa, maana ulinieleza mwenyewe mwezi wa kwanza, kwa heshima, kwa nini unamwita mtoto mama. Ningenyanyuka ningekutambua.

Mfupa wako uko ofisini, nyuma ya kabati. Mwalimu wa Bayolojia anasema ni wa ngamia.

Naomba ruhusa yako nimweleze Nthenya kilichotokea. Mtoto hali chakula vizuri. Haki yake ni kujua kwamba ulikuja.

Wako,
Waceke

*

Waithaka,
7 Machi 2024

Madam,

Asante kwa barua. Sijawahi kuandikiwa na Deputi, hata nilipokuwa mwanafunzi, na wakati huo nilistahili.

Jibu langu ni hapana. Usimwambie. Nipe nafasi nikueleze, maana wewe umekubali kusoma maneno yangu muda wote huu.

Ule mfupa nilipewa Kitisuru, walipokuwa wanachimba bwawa la kuogelea. Ulikuwa umetupwa kando ya kifusi. Nilipousimamisha ulinifika pajani. Nikasema huyu si mnyama wa siku hizi. Mwalimu wako wa Bayolojia anasema ngamia, sawa, nami namuuliza, ngamia alikuwa anatafuta nini Kitisuru? Lakini tusibishane. Niliufunga kwa shuka ya kubebea nyama, mpya kabisa, ili usichafue koti. Sikufikiria kitu kingine. Sisi tunaoshinda na mifupa tunasahau kwamba watu wengine huiogopa.

Pale getini soja akauliza, mzee unamtafuta nani. Ulimi ukaenda njia yake ya kila siku. Nikasema nimekuja kumwona mama. Akauliza, mama yako ni mwalimu? Nikasema hapana, yuko Fomu Tatu. Akanitazama. Akaniuliza ana miaka mingapi, nami nikajibu kama mjinga, kumi na saba. Kabla sijarekebisha maneno fundo la shuka likalegea, mfupa ukatokeza, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu na sufuria ya pilau akatoa ukemi. Yaliyofuata unayajua. Kuku wa Milcah alibaki njiani, sijui nani alimla.

Sikukimbia mbali. Nilizunguka nikakaa upande wa pili wa ukuta, penye ua wa miti ya kei yenye miiba. Spika yenu inasikika vizuri sana kutoka pale. Nilisikia majina yote. La kwake halikuwemo, na mimi ndiye nilikuwa nalo.

Sasa fikiria na mimi, Madam. Mtoto mwenye mjomba mwongo anaishi tu, wako wengi, atanicheka na maisha yataendelea. Lakini mpwa wa mchawi nani atalala kitanda cha karibu naye? Nani atakula naye sahani moja? Ana mwaka mzima na nusu mbele yake humo ndani. Na watu wa kwetu, unajua tunavyosemwa. Jina hilo akilipata halitoki kwa sabuni.

Mpe barua yangu ya lile gari jeusi. Ni nzuri, niliifikiria siku mbili.

Mimi,
Mbaluka

*

Waithaka,
17 Machi 2024

Mwaitu,

Sijapata jibu. Siulizi, nasema tu kwamba sijapata.

Mvua imeanza. Bonde limejaa matope na tangi lenu halionekani vizuri siku za mawingu, lakini najua liko upande gani. Kazini wamenunua mizani mpya ya umeme, inasema namba yenyewe. Mtu yeyote anaweza kuisoma. Mimi sasa nasimama kando yake kuhakikisha haisemi uongo, ni cheo kikubwa kuliko cha zamani.

Nilikuwa na jambo jipya la kukuambia kuhusu dinosaria, juu ya mayai yao, lakini nimekaa na kalamu limekataa kuja. Zamani nikiandika nilikuwa nakusikia ukicheka kabla sijamaliza sentensi. Sasa naandika na nasikia mvua kwenye bati.

Milcah anakusalimu. Aliuliza kama kuku alikuwa na chumvi ya kutosha. Nikamwambia ulilamba vidole.

Kama umeamua kwa shangazi, mwambie akununulie sweta, mwezi wa nne una baridi.

Mbaluka

*

Shuleni,
25 Machi 2024

Mjomba,

Barua hii soma ukiwa umekaa.

Jumamosi ilikuwa burudani ya mwisho wa muhula. Kila bweni linaleta mchezo. Letu lilileta mchawi wa getini. Ivyne ndiye aliyekuwa mchawi, kwa sababu baba yake alikuwa mmoja wa waliomfukuza, akamsimulia kila kitu. Akavaa koti la mtu, akafunga mwiko wa jikoni kwa shuka, akaingia akichechemea. Nilikuwa nimekaa mbele. Nilicheka na wengine, nimeshazoea. Halafu aliyeigiza soja akauliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Na Ivyne akajibu kwa sauti ya kwetu, "Nimekuja kumwona mama yangu, yuko Fomu Tatu."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mimi changu kilikatika. Mjomba, hakuna mtu mwingine duniani ambaye mama yake yuko Fomu Tatu.

Sikujua nimesimama. Nilijikuta jukwaani. Nikamwambia Ivyne, vua hilo koti. Akasema, "Andazi, wacha, hatujamaliza." Nikasema mama yake ni mimi. Akauliza mama ya nani? Nikawaambia wote. Nikasema huyo mzee anaitwa Mbaluka, ni kaka wa mama yangu, na ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake, na alikuja kwa miguu kuniona mimi. Nikasema huo mfupa alikuwa ananiletea nimwonyeshe Mwalimu Bramwel. Sikulia mpaka nilipomaliza. Kicheko kiliisha vibaya, kidogo kidogo, nyuma bado kulikuwa na wanaocheka kwa sababu walidhani ni sehemu ya mchezo.

Baadaye nilienda kwa Madam Waceke. Nilitaka kumgombeza sijui kwa nini. Akaniambia hakuweza kusema kwa sababu uliomba. Akanipa barua zako mbili pamoja, ile ya gari jeusi na ile ya mvua, akanionyesha na ile uliyomwandikia yeye. Kumbe alikuwa ameshindwa kunipa ya kwanza na ameshindwa kuichana. Nilisoma ya gari jeusi hapo hapo mbele yake. Nilipofika mahali umeandika kwamba nilifanya vizuri kucheka, alivua miwani akawa anaifuta na haikuwa chafu.

Nisikudanganye. Ivyne amehamisha kitanda. Wa upande wa pili pia. Hakuna anayeazima sabuni yangu sasa, inamaliza wiki nzima. Kuna msichana wa Fomu Wani aliniuliza kwa adabu kama naweza kumroga mwalimu wa Hesabu. Wengine watazoea, wengine hawatazoea. Ulikuwa umehesabu sawa, Mjomba, kila kitu ulichomwambia Madam kimetokea. Lakini hukuniuliza. Hukuniuliza ni lipi ningechagua kulibeba.

Mwalimu Bramwel aliniita akauangalia mfupa pamoja nami. Bado anasema dunia haikufura, na ngamia ni ngamia. Samahani, mimi namwamini yeye. Alinieleza hesabu yote nikaielewa. Lakini akasema swali lako kuhusu fahali lilikuwa swali la haki, wataalamu wenyewe walihangaika nalo muda mrefu, jinsi mwili mkubwa unavyojibeba.

Tunafunga Ijumaa tarehe 5 Aprili. Mama alipanga niende kwa shangazi. Nimeshamwambia Madam apige simu Jeddah aseme sitaki, nakuja kwako. Sikukuuliza kwanza, nimesema umeshakubali. Ukikataa sina pa kwenda, na Madam atajua nimedanganya.

Kwa hivyo nakuagiza, na nakuagiza kama mama yako, siyo kama mtoto. Uje getini mchana, geti kubwa, si ukutani. Usilete kuku, usilete mfupa, usilete Profesa. Wakikuuliza unamtafuta nani, uwajibu vilevile.

Nthenya

*

Waithaka,
30 Machi 2024

Mwaitu,

Nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza, kisha Milcah akanikuta bado nimekaa ilhali chai imekwisha kupoa.

Nitakuja. Odero nimeshamwona, amesema siku hiyo atakuwa getini yeye mwenyewe hata kama ni zamu ya mwingine. Koti nimelipa kifungo kipya.

Sasa kuhusu makao yako. Nyumba yangu nimeigawanya pande mbili, mashariki na magharibi. Katikati nimetundika pazia la maua, kitambaa kizito, nimelichagua mwenyewe dukani kwa Kiarie, naye akakiri kwamba hajawahi kuuza lenye maua makubwa hivyo. Mashariki yote ni yako. Ina dirisha, ina soketi ya umeme, ina msumari wa kutundikia sare. Kitanda kiko huko. Magharibi ni kwangu na jiko, tumezoeana.

Choo ni cha ploti nzima, lakini ufunguo ninao mimi, ni wadhifa.

Asubuhi mimi hutoka kukiwa bado giza kwenda kazini, nitajitahidi nisigonge masufuria. Jioni nikirudi utanieleza hiyo hesabu ya Mwalimu Bramwel, pole pole, na usiruke mahali. Nitabishana nawe. Usiogope, kubisha ndiyo namna yangu ya kusikiliza.

Neno la mwisho. Pazia halina mahali pa kubisha hodi. Kwa hivyo ukitaka kitu upande wangu, hata maji, niite tu kwa jina. Ita kwa sauti. Ni muda mrefu sijaitwa ndani ya nyumba hii, na ninaweza nisigeuke mara ya kwanza.

Mwanao,
Mbaluka